Ukipiga 911 Minneapolis, nani kalichagua gari litakalokuja?

Mtoto wa kaka yangu aliyeko Maskati alinitumia sauti ya WhatsApp: "Ami, kwa nini hukuita gari ya wagonjwa ya hospitali yenu? Si huko Marekani mtu anachagua kila kitu?"

Nilicheka, ingawa kisa chenyewe hakikuwa cha kuchekesha. Ilikuwa Januari, nje theluji, nimemaliza tu kusali alfajiri. Nikasikia kishindo jikoni. Bi mkubwa wangu yuko chini, uso mweupe, hanijibu. Nikapiga 911. Na mimi katika kuhaha kwangu nikamwambia yule dada wa simu, "Tafadhali nileteeni gari ya hospitali anakotibiwa mke wangu." Akanijibu kwa upole: "Baba, gari la eneo lako limeshatoka." Likaja, wakamshughulikia vizuri, na leo mwenyewe ndiye anayenipikia chai, alhamdulillahi. Lakini lile neno, "gari la eneo lako", lilinibaki kichwani. Nani kaligawa hilo eneo?

Mimi mwalimu mstaafu, na mapadri walionisomesha sekondari walitutia ugonjwa mmoja usiopona: kuuliza. Basi nikauliza.

Wengi wetu tunadhani ni meya na baraza la mji. Huko kwenu mambo ni wazi: Oman ukipiga 9999, gari ni la Mamlaka ya Ulinzi wa Raia na Ambulensi; Qatar ni la Shirika la Tiba la Hamad. Serikali imeweka chombo, kwisha. Marekani hakuna utaratibu mmoja wa nchi nzima. Miji mingine na kaunti nyingi hutangaza tenda. Makampuni yanaleta maombi, na mshindi anapewa mkataba wa miaka kadhaa. Sharti linaloonekana sana ni kufika ndani ya dakika 8 na sekunde 59 kwa simu 90 katika kila 100. Akichelewa mno, anatozwa faini. Mkataba ukiisha, tenda inatangazwa upya.

Minnesota haiko hivyo. Hapa anayegawa ni jimbo, si mji. Kila mwenye leseni ya ambulensi amepewa eneo lake, na ndani ya mipaka ile simu za dharura ni zake. Wajibu nao ni wake: lazima awe tayari saa 24, siku 7 za wiki. Anayetaka kuingia eneo jipya anapeleka maombi jimboni, na yanatangazwa hadharani. Miji, kaunti na wenye leseni wa jirani wanaweza kutoa maoni au kupinga, na likiwa zito linasikilizwa mbele ya jaji wa masuala ya utawala. Huulizwa: je, huduma inahitajika? Na je, kuweka magari mawili mahali pa moja hakutaidhoofisha ile iliyopo?

Ndiyo maana miji hii miwili pacha, ambayo mgeni haoni hata inapoachana, ina magari tofauti. Saint Paul gari ni la zimamoto wa mji; anayezima moto ndiye huyo huyo aliyesomea kuhudumia mgonjwa. Ukivuka mto Mississippi kuingia Minneapolis, zimamoto wanaweza kufika kwanza, lakini gari la kukubeba ni la Hennepin, hospitali ya umma, na upande wa kaskazini ni la North Memorial. Vitongoji vingi ni vya Allina, na Edina ina gari lake la zimamoto. Na nyinyi mnaokuja Rochester kwa matibabu, huko gari ni la Mayo Clinic yenyewe.

Mpango huu una hekima yake. Bila mipaka, kila kampuni ingekimbilia mitaa ya matajiri wenye bima nzuri, na maskini wangebaki wakingoja. Lakini una kasoro yake pia. Leseni inahuishwa kila miaka 2, eneo halina mwisho. Mji usiporidhika hauna njia nyepesi ya kusema, "Asante, tunamtaka mwingine." Mwaka 2022 ofisi ya mkaguzi wa Bunge la jimbo iliukosoa mpango huu, pamoja na bodi iliyokuwa ikiusimamia. Mwaka 2024 Bunge likaamua kuivunja bodi ile, na tangu Januari 1, 2025 kazi iko kwa ofisi mpya ya jimbo. Mwaka huo huo zilitengwa dola milioni 24 kuzinusuru ambulensi za mashambani, ambako wahudumu wengi ni watu wa kujitolea.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Tuna jirani, mama wa Kibarawa. Chimwini chake na Kiswahili changu vinaelewana kama mtu na binamu yake. Usiku mmoja mumewe alishikwa na kifua. Hakupiga simu. Alimkokota mpaka kwenye gari, akaendesha mwenyewe kwenye barafu, huku mzee anakoroma ubavuni. Nilipomuuliza sababu, akasema: "Mwalimu, bili." Mwaka mmoja nyuma walikuwa wameletewa bili ya ambulensi iliyowanyima usingizi. Mzee alipona, lakini daktari alisema sehemu ya moyo imekufa kwa kuchelewa. Gari lile la wagonjwa si teksi. Matibabu huanzia sebuleni kwako, na hospitali inapewa khabari kabla hujafika.

Hofu yake haikuwa ya kijinga. Sheria ya taifa iliyoanza Januari 2022 kuwalinda watu na bili za kushtukiza ilizigusa ndege za wagonjwa, ikayaacha magari. Lakini kuna jambo hakulijua, na mimi pia sikulijua: sheria ya Minnesota inamkataza mwenye leseni kumnyima mtu huduma ya dharura kwa sababu hana uwezo wa kulipa. Bili inaweza kuja, naam. Bili huzungumzika, hospitali nyingi zina ofisi ya kusaidia wasiojiweza. Moyo uliokufa hauzungumziki.

Nikakumbuka na kwetu. Tanzania, mpango wa m-mama una namba ya bure, 115, kwa mjamzito na mtoto mchanga. Ambulensi ikikosekana, anatumwa dereva wa teksi wa hapo hapo aliyefundishwa, naye hulipwa na mpango. Yule mama wa kijijini haogopi kupiga simu. Marekani yenye magari ya kila aina, jirani yangu aliogopa.

Basi wenye watoto wanaosoma huku, au wazee wanaokuja kutembea, shikeni haya. Msimlete mzee bila bima ya safari. Ukipiga 911, sema kwanza anwani, kisha neno moja, "Swahili", umngojee mkalimani. Usibishane kuhusu gari. Hospitali ya kupelekwa unaweza kuitaja, nao wataangalia hali ya mgonjwa. Na mliokwisha kuwa raia, ofisi ya jimbo inapoita watu kutoa maoni, nendeni. Tukikaa kimya, wengine watatuamulia.

Yule mama sasa ameibandika 911 kwenye mlango wa friji, kwa herufi kubwa. Chini yake kaandika kwa mkono wake: "Piga kwanza. Bili baadaye."