Picha ya kale inapotiwa uhai: Funzo kwa Kitui na Makueni

PICHA iliyochorwa huonyesha nukta moja tu ya wakati. Mkulima ameinua jembe, wala halitashuka. Mama amefungua kinywa, wala neno halitatoka. Filamu nayo ni sanaa ya mwendo. Je, yawezekana sanaa hizi mbili kukutana bila ya moja kuimeza nyingine?

Mwelekezi wa filamu kutoka Poland, Lech Majewski, alijaribu kulijibu swali hilo mwaka 2011 alipotoa filamu iitwayo The Mill and the Cross, yaani Kinu na Msalaba. Filamu hiyo haina hadithi ya kawaida yenye mwanzo, fumbo na ufumbuzi. Hadithi yake ni picha moja iliyochorwa mwaka 1564 na Pieter Bruegel, mchoraji wa Flanders, eneo ambalo leo kwa sehemu kubwa limo nchini Ubelgiji. Picha hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Vienna, Austria.

Bruegel alichora safari ya Yesu kuelekea Kalvari. Hata hivyo, hakuichora Yerusalemu ya kale. Aliichora nchi yake mwenyewe: wakulima wake, wachuuzi wake, watoto wakicheza, na askari wapanda farasi waliovaa mavazi mekundu. Wakati huo Flanders ilitawaliwa na mfalme wa Uhispania, na watu waliuawa kwa sababu ya imani yao. Katikati ya umati wa watu wapatao mia tano, Yesu ameanguka chini ya msalaba, naye ni mdogo kiasi kwamba mtazamaji asiye makini humpita. Wengi katika umati huo hawamtazami. Wana shughuli zao.

Majewski alifanya kazi gani basi? Kwanza, aliwavisha waigizaji mavazi ya karne ile, akawapiga picha mbele ya pazia la buluu. Pili, alichora mandhari ya nyuma kwa mkono wake kwenye kitambaa kikubwa. Tatu, kwa msaada wa kompyuta, aliunganisha waigizaji, mandhari hiyo na mawingu ya kweli, tabaka juu ya tabaka, hata mtazamaji asijue rangi inaishia wapi na uhalisi unaanzia wapi. Rutger Hauer aliigiza kama Bruegel, naye Charlotte Rampling akawa Mariamu. Mazungumzo ni machache mno.

Jambo kuu katika filamu hiyo ni kwamba watu wadogo wa pichani wanarudishiwa siku yao. Tunawaona wakiamka, wakila mkate na wakicheka kabla ya kuingia mahali walipowekwa na mchoraji. Juu ya jabali refu kipo kinu cha upepo, na msaga nafaka anautazama ulimwengu kutoka huko kama Mungu. Anapoinua mkono, kinu husimama na kila kitu hutulia. Hiyo ndiyo nukta iliyonaswa na Bruegel.

Msomaji wa Kitui au Makueni huenda akauliza: haya yanatuhusu nini?

Yanatuhusu sana. Anayelijua Jabali la Nzambani, karibu na mji wa Kitui, atalielewa jabali la Bruegel bila ya kufafanuliwa. Wazee husimulia kwamba anayelizunguka jabali hilo mara saba hubadilika jinsia. Mandhari kwetu si pambo la nyuma. Ni mhusika katika simulizi. Isitoshe, mchoraji Kivuthi Mbuno, aliyezaliwa Mwingi mwaka 1947 na ambaye aliwahi kuwa mpishi katika safari za porini, amechora kwa wino na penseli za rangi wawindaji, wanyama na maisha ya Wakamba. Wahusika wake, kama wa Bruegel, wanaonekana kama waliosimama kidogo tu, tayari kuendelea na safari.

Hata hivyo, kuna picha nyingine ya Ukambani ambayo imeenea zaidi ulimwenguni: picha ya ukame. Mto umekauka, na mwanamke amepiga magoti akichimba mchanga. Anayeitazama kwa mbali huona ufukara pekee, akamhurumia na kuondoka.

Picha hiyo si ya uongo, lakini haijakamilika. Chini ya mchanga ule kuna maji. Katika mito ya msimu ya Kitui na Makueni, wanakijiji wamejenga kuta zinazozuia mchanga mvua inaponyesha. Msimu baada ya msimu mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani yake yakikingwa na jua kali. Anayechimba anajua anachokitafuta. Picha moja haiwezi kueleza hayo, kwa kuwa maarifa hayo yamo katika mfululizo wa misimu. Hapo ndipo mwendo unapohitajika.

Mfano wa karibu tulio nao ni Kisilu Musya, mkulima kutoka Mutomo, Kitui. Kwa miaka kadhaa alishika kamera akanasa maisha ya jamaa yake: ukame, mafuriko, dhoruba iliyong'oa paa la nyumba, na juhudi za kuwashawishi majirani wapande miti. Kazi hiyo, aliyoifanya pamoja na mwelekezi Julia Dahr wa Norway, ilitolewa mwaka 2017 kwa jina Thank You for the Rain. Ndani yake tunamwona Kisilu akifika hadi mkutano wa tabianchi uliofanyika Paris mwaka 2015.

Filamu hiyo ni ya matukio halisi, wala haikutokana na picha ya kuchorwa. Lakini ilitenda jambo lile lile: mtu aliyezoeleka kuwa nukta ndogo katika picha ya watu wengine alirudishiwa siku yake nzima, na safari hii ni yeye aliyeamua kamera itazame wapi.

Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti shughuli za utamaduni, zikiwamo kumbi za sinema, maktaba na makumbusho. Kwa hivyo kaunti za Kitui na Makueni, zinazotenganishwa na mto Athi lakini zenye lugha moja, zina mamlaka ya kuwatafutia vijana wao kamera na mahali pa kuonyesha kazi zao. Si lazima waanze na kompyuta ghali. Wanaweza kuanza na picha moja ya zamani iliyotundikwa ukutani nyumbani, kisha wawaulize wazee: huyu ni nani, alikuwa akitoka wapi asubuhi ile, na alikwenda wapi baadaye?

Wazee wanaoweza kuyajibu maswali hayo wanapungua kila mwaka. Wakiondoka kabla ya kuulizwa, picha zitabaki, lakini hakuna kompyuta itakayoweza kuzitia uhai.