Malipo ya anayejitolea Ndhiwa ni kuaminiwa

Kila Agosti shule zinapofungwa, swali moja huzuka katika maboma mengi ya Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaaga kwamba anakwenda makambi ya kanisa kusaidia jikoni au kuangalia watoto, na mzazi anamuuliza: "Na huko utalipwa ngapi?" Swali hilo si la uchoyo. Karo ya chuo inasubiri, miwa inataka palizi, na wiki nzima ya kazi ya bure ni wiki ambayo kijana angeweza kubeba abiria kwa bodaboda ya mjomba wake. Mzazi huyo anastahili jibu la kweli, si mahubiri.

Jibu langu ni hili: anayejitolea kwa moyo na kwa nidhamu hulipwa kwa kuaminiwa. Na katika sehemu kama Ndhiwa, kuaminiwa ni mtaji ambao umezaa mambo makubwa kuliko yale ambayo fedha peke yake ingeyazaa.

Tuanze na jikoni. Makambi ya Waadventista Wasabato mara nyingi hufanyika katika uwanja wa shule. Madawati yanasogezwa ukutani, madarasa yanageuka mabweni, mahema yanasimamishwa chini ya miti, na nyuma ya majengo kunawekwa mafiga. Siku ngumu kupita zote ni Ijumaa. Chakula cha Sabato sharti kiwe tayari kabla jua halijatua, kwa hivyo tangu alfajiri kuna vijana wanaochambua mawe kwenye maharagwe, wengine wanapasua kuni, wengine wamepanga foleni ya maji na mitungi ya lita 20. Aliyekabidhiwa stoo lazima ajue mahindi na maharagwe yaliyobaki yatapika nyoyo, yaani mseto huo uliochemshwa, ya watu wangapi, mafuta yamesalia kiasi gani, na sufuria kubwa iko mikononi mwa nani. Akikosea hesabu, kosa lake litaonekana na kila mtu kabla ya ibada ya jioni.

Upande wa pili wa uwanja wako Watafuta Njia, watoto wa miaka 10 hadi 15 wenye skafu shingoni. Wanajifunza kufunga mafundo, kusimamisha hema, kumfunga bendeji aliyeteguka mguu na kupiga gwaride. Anayewaongoza ni kijana tu, pengine wa miaka 20. Anahesabu vichwa kabla ya kuwapeleka mtoni na kuvihesabu tena wakirudi. Anamtuliza mtoto anayelia usiku kwa sababu ni mara yake ya kwanza kulala mbali na mama. Anaamua ugomvi wa blanketi saa tano za usiku bila kumpiga mtu. Ualimu, uuguzi na uongozi vimo humo vyote, na hakuna karatasi ya mtihani inayoweza kuvipima.

Lakini vinapimwa. Wiki ikiisha, wazee wa kanisa, mashemasi na akina mama wa kikundi cha huduma cha Dorkasi wanajua nani aliamka bila kuamshwa, nani alikula baada ya wageni kushiba, na nani alitumwa sokoni akarudisha chenji pamoja na risiti. Hawaandiki popote, ila hawasahau. Kamati ya maji inapotafuta mweka hazina, shule inapotaka mtu wa kusaidia chekechea, zahanati inapoulizia kijana wa kuandikisha watoto wa chanjo, jina hutajwa kutokana na kumbukumbu hiyo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa.

Utamaduni huu haukuanza jana. Mwaka wa 1906 wamisionari wa kwanza wa Kiadventista nchini Kenya walifika Gendia, karibu na Kendu Bay: Arthur Carscallen, na pamoja naye Mwafrika kutoka Malawi ya leo, Peter Nyambo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kazi yao ilikuwa imefika Kanyadoto, ndani ya Ndhiwa ya sasa. Wageni hao walikuwa wachache mno kufika kila kijiji. Kusoma na kuandika kulisambaa kwa miguu ya wanafunzi wao wenyewe, vijana Wajaluo waliojifunza herufi asubuhi na kumfundisha jirani jioni.

Hata kabla ya kanisa, Wajaluo walikuwa na saga: jirani anaita watu, wanamlimia au kumjengea, anawapa chakula, na kesho ni zamu ya mwingine. Anayetaka kuona mikono mingi inavyoweza kufanya kazi pamoja na avuke aingie Kaunti ya Migori, akatazame Thimlich Ohinga. Kuta zile za mawe makavu, ambazo huenda zilianza kujengwa karne ya 16, zimepangwa bila saruji wala udongo wa kushikanisha, na bado zimesimama. UNESCO iliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2018. Hakuna familia moja ambayo ingeweza kuzijenga.

Sasa tuangalie kile ambacho kuaminiwa kumeifanyia Ndhiwa katika kizazi chetu. Mwaka wa 2012 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifanya utafiti wa nyumba kwa nyumba hapa. Matokeo yalitisha: takriban mtu mmoja kati ya kila wanne wa umri wa miaka 15 hadi 59 alikuwa na virusi vya ukimwi. Katika jumla ya walioambukizwa, ni kama asilimia 40 tu ambao virusi vyao vilikuwa vimedhibitiwa kwa dawa. Utafiti uliporudiwa mwaka wa 2018, kiwango hicho kilikuwa kimepanda hadi asilimia 88. Ndhiwa, iliyokuwa ikitajwa kwa huzuni, ikaanza kutajwa kwa mafanikio.

Dawa zilitoka mbali, na fedha pia. Lakini dawa haiwezi kubisha hodi. Aliyebisha hodi alikuwa mtu wa pale pale, anayejua kwamba boma hili halifikiwi mchana kwa sababu wenyewe wako kwenye miwa, na kwamba mama wa nyumba ile hatazungumza lolote mbele ya shemeji zake. Kumwambia jirani "twende tupime", kisha kunyamaza milele kuhusu majibu yake, ni kazi inayohitaji mtu ambaye kijiji kimeshamjaribu kwa mambo madogo na kumwona hana mdomo. Mtu wa namna hiyo haajiriwi kwa tangazo gazetini. Hulelewa polepole katika jumuiya, kwaya, vikundi vya akina mama na makambi.

Septemba 13, 2019, Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria ya RTS,S, na uzinduzi ukafanyika hapa hapa Ndhiwa. Kenya, Malawi na Ghana ndizo nchi tatu zilizotangulia duniani kuijaribu chanjo hiyo katika huduma za kawaida, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike kwingineko. Ugumu wake uko kwenye ratiba. Dozi zilikuwa nne: mtoto akiwa na miezi sita, saba, tisa, kisha ya mwisho akitimiza miaka miwili. Kufikia miaka miwili mama ana mtoto mwingine mgongoni, kadi ya kliniki imechakaa, na aliyechanjwa anakimbia uwanjani akiwa mzima. Anayemkumbusha mama huyo ni jirani aliyeandika tarehe kwenye daftari lake.

Majirani hao leo wana jina rasmi: wahamasishaji wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji 100,000 nchini kote, kila mmoja akihudumia takriban nyumba mia moja. Mkoba wao una kipimajoto, mashine ya presha na ule ukanda mwembamba wa kupima mkono wa mtoto. Ukanda unazungushwa kwenye mkono, katikati ya bega na kiwiko. Ukisoma kijani, mtoto yuko salama. Ukisoma njano, anahitaji kufuatiliwa. Ukisoma nyekundu, mama na mtoto wanapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Ni kifaa rahisi sana, lakini mama hatamkabidhi mtoto wake kwa mtu asiyemjua.

Chukua pia kazi ya kukinga chemchemi, ambayo vikundi vya vijana wa makanisa huifanya sehemu nyingi za Nyanza. Wanafyeka, wanachimba hadi kufikia jicho la maji, wanajaza mawe na kokoto, wanafunika kwa nailoni na udongo, wanajenga ukuta, wanaweka bomba. Juu yake wanachimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua, kisha wanazungushia ua ili ng'ombe wasikanyage. Kijana anajifunza kupima saruji na mchanga. Anajifunza pia jambo gumu zaidi: kukaa na mwenye shamba, na mzee wa kijiji akiwepo, mpaka makubaliano ya njia ya kupita yafikiwe. Siku atakapoomba kazi kwa mkandarasi, atakuwa na kitu cha kuonyesha kwa kidole, na watu wanaochota maji pale watakuwa mashahidi wake.

Mwaka wa 1965 mwanasaikolojia wa Marekani, Frank Riessman, aliandika kwamba anayesaidia mara nyingi hufaidika kuliko anayesaidiwa, kwa sababu msaada unamfanya ajione ana uwezo na anahitajika. Ndhiwa imejaa vijana wanaohitaji kujiona hivyo. Kijana aliyekaa nyumbani miaka miwili bila kazi hukosa zaidi ya mshahara. Hukosa kuitwa kwa jina, na hukosa mtu wa kumwambia kwamba asipokuja kazi itakwama.

Hata hivyo, mtu asiyachukue maneno haya akayafanya kisingizio cha kumnyonya kijana. Kuaminiwa hakununui unga. Kanisa linalomwita afanye kazi wiki nzima limlishe, limpe nauli, limfundishe kabla ya kumtuma. Limwandikie barua inayotaja kazi aliyoifanya, si barua ya "ni mwenye tabia nzuri" pekee. Wahamasishaji wa afya waliahidiwa posho ya Sh5,000 kwa mwezi, serikali kuu ikichangia nusu na kaunti nusu. Ahadi ni deni, na kila mwezi posho inapochelewa, nyumba mia moja zinapunguziwa ulinzi. Kazi ya kudumu inayookoa maisha ilipwe kama kazi. Kujitolea kubaki kwa yale ambayo jirani humfanyia jirani.

Na kwa kuwa makambi hukusanya watoto, waandaaji wana wajibu usio na mjadala. Wasichana na wavulana walale majengo tofauti, na mtu mzima yeyote asibaki peke yake na mtoto mahali pa faragha. Kila anayejitolea ajulikane kwa jina, kwa boma na kwa mchungaji wake. Mtoto aelezwe siku ya kwanza ni nani wa kumwambia akiona jambo baya, na atakayesema asikilizwe. Imani ya wazazi ndiyo msingi wa makambi yenyewe. Ikivunjika mara moja, Agosti ijayo uwanja utakuwa mtupu.

Kwa hivyo, mzazi wa Ndhiwa unayeombwa ruhusa mwaka huu, usimuulize mwanao atalipwa ngapi tu. Muulize atakabidhiwa nini: stoo, watoto, hela za sokoni, au zamu ya usiku? Akikujibu kwamba hajakabidhiwa kitu, mwambie arudi akaombe jukumu. Akikujibu kwamba amekabidhiwa, mruhusu aende, kisha akirudi muulize alivyolitimiza. Nao wazee wa makanisa wanaopanga makambi wamgawie kila kijana kazi yenye jina na hesabu ya kutolewa mwishoni, kwa sababu hakuna anayeaminiwa kabla ya kupewa kitu ambacho angeweza kukiharibu.