Tusingoje Mtoto wa Jicho Akomae

Mtoto wa jicho ni maradhi yasiyopiga hodi. Hayaumi, hayawashi, wala hayaleti homa. Huja kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, yakiifunika lenzi ya jicho kwa ukungu, mpaka mkulima hawezi tena kuitenga buni mbovu na buni njema, mshoni hawezi kutunga uzi sindanoni, na mzee aliyezoea kusoma msahafu wake baada ya sala ya alfajiri anauweka juu ya rafu na kuuacha huko. Kwa kuwa maradhi haya mara nyingi hufuatana na mvi, watu wengi huyahesabu kuwa ni sehemu ya uzee. Na uzee, wanasema, hauna dawa. Hapo ndipo penye kosa, na kosa hilo ndilo tunalokusudia kulizungumza leo.

Uzee hauna dawa, lakini mtoto wa jicho anayo, nayo ni moja tu: kupasuliwa jicho, kuondolewa lenzi iliyoharibika, na kuwekewa lenzi nyengine ya kutengenezwa. Hakuna tone, kidonge wala majani ya kuchemsha yatakayoirudishia lenzi uangavu wake. Mgonjwa hutiwa ganzi, halazimiki kulazwa usingizi, na kwa mkono wa daktari aliyezoea, kazi yenyewe humalizika kwa takriban dakika 20. Ikiwa dakika 20 zinatosha kumrudishia mtu macho yake, kwa nini basi bado wako wazee wanaoongozwa kwa fimbo na wajukuu zao? Sisi tunasema kwamba ujuzi wa kupasua upo. Kinachopungua ni njia ya kumfikisha mgonjwa kwa daktari kwa wakati, na ya kumfuatilia baada ya hapo.

Ili jambo hili lieleweke, tumechagua kulitazama kupitia wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, Karagwe na Kyerwa. Msomaji wetu wa Unguja au Pemba anaweza kuuliza: ya huko milimani, mipakani mwa Rwanda na Uganda, yanatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Yanatuhusu sana. Mlima kwa Mnyambo wa Karagwe ni kama mkondo wa bahari kwa mtu wa Kojani, Tumbatu au Fundo. Kote kuwili daktari wa macho yuko ng'ambo, na kipofu hasafiri peke yake.

Hadi mwaka 2012 wilaya hizi zilikuwa moja. Ndipo Kyerwa ikatengwa na Karagwe. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 332,020 katika Karagwe, ambayo makao yake ni Kayanga, na watu 321,026 katika Kyerwa. Ni nchi ya migomba, maharage na mibuni, na watu wake wengi ni wakulima. Karagwe ina Hospitali ya Nyakahanga ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na Kyerwa ina Hospitali ya Isingiro ya Kanisa Katoliki, mbali na vituo vya afya na zahanati za Serikali. Lakini mgonjwa wa Murongo, kwenye ukingo wa Mto Kagera, akipewa rufaa ya kwenda Bukoba, atasafiri kupitia Omurushaka hadi Kyaka kabla hajaliona Ziwa Viktoria. Akipelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, safari yake ni ndefu zaidi. Na kwa alioko mpakani, kituo cha macho cha Ruharo, mjini Mbarara nchini Uganda, huenda kikawa karibu kuliko hospitali kubwa za nchi yake mwenyewe.

Hatuna budi kuihesabu safari hiyo kama anavyoihesabu mwenye nyumba. Asiyeona huhitaji nauli mbili, ya kwake na ya anayemwongoza. Huhitaji chakula cha watu wawili na mahali pa kulala watu wawili. Anayemwongoza, kama ni mtu mzima, ameacha shamba. Kama ni mtoto, ameacha skuli. Ndiyo maana familia nyingi husema, "Tungoje kidogo." Na mara nyingi anayengojeshwa zaidi ni mwanamke. Uchunguzi uliofanywa katika nchi zinazoendelea umeonyesha kwamba wanawake wenye mtoto wa jicho hufikiwa na upasuaji kwa uchache kuliko wanaume, ingawa wao si wachache miongoni mwa wagonjwa. Bibi hana fedha mkononi, safari huamuliwa na wengine, naye mwenyewe husema kwamba hataki kuwasumbua watoto.

Lenzi ilikotoka

Neno "tungoje" lina asili yake. Zamani madaktari wenyewe walikuwa wakimwambia mgonjwa arudi nyumbani mpaka mtoto wa jicho akomae, kwa kuwa njia za siku hizo zilitaka lenzi iliyokwisha kuwa ngumu. Kisha lenzi ilipotolewa, hapakuwa na kitu cha kuweka mahali pake. Mgonjwa alipewa miwani mizito, yenye vioo vinene kama kitako cha chupa; miwani ikivunjika au ikipotea, upofu ulirudi siku ile ile. Wengi wa wazee wetu waliopasuliwa katika miaka ya 1970 na 1980 waliishi na miwani hiyo.

Elimu ya kumwondoa mtoto wa jicho ni ya kale. Mwanzoni mwa karne ya 11 tabibu Ammar bin Ali wa Mosul, aliyefanya kazi Misri, aliandika juu ya kumnyonya mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu. Mwaka 1747, huko Ufaransa, Jacques Daviel alianza kuitoa lenzi kwa kulipasua jicho. Lakini kuweka lenzi mpya kulingoja hadi tarehe 29 Novemba 1949, pale Harold Ridley wa Hospitali ya St Thomas', London, alipoanza kazi hiyo. Ridley alikuwa amewatibu marubani wa vita waliopatwa na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege machoni, akaona kwamba jicho halikuvikataa vipande hivyo. Basi akatengeneza lenzi kwa plastiki ya namna ile ile. Wakubwa wa taaluma yake walimpinga kwa miaka mingi, lakini leo kazi yake inafanywa duniani kote.

Kwa muda mrefu lenzi hizo zilikuwa mali ya matajiri. Bei ya moja ilifika dola 100 na zaidi. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab, kilichozaliwa na Hospitali ya Macho ya Aravind huko Madurai, India, kilianza kuzitengeneza kwa kama dola 10. Mwaka 1994 viwanda vya namna hiyo vilifunguliwa Nepal na pia Asmara, nchini Eritrea, kwa juhudi zilizoachwa na daktari Fred Hollows wa Australia. Lenzi, basi, imetengenezwa katika ardhi ya Afrika Mashariki, kwa bei ambayo hospitali ya wilaya inaweza kuimudu. Kisingizio cha kwamba kitu hiki ni cha Ulaya kimekwisha.

Nani wa lenzi, nani wa miwani

Hapa tunapenda kutoa tahadhari. Siku hizi katika miji mikubwa kuna zahanati za watu binafsi zinazotangaza kubadilisha lenzi hata kwa mtu asiye na mtoto wa jicho, ili aachane na miwani. Jambo hilo linawezekana, na kwa wachache wenye macho mabovu sana lina faida. Lakini jicho likifunguliwa linaweza kuingiwa na vijidudu. Na mtu aliye kijana bado, anayeona karibu tu, yumo katika hatari zaidi ya kubanduka kwa utando wa nyuma ya jicho. Ziko pia lenzi za kuonea mbali na karibu kwa pamoja. Bei yake ni kubwa, na baadhi ya waliowekewa huona miduara kuzunguka taa nyakati za usiku. Lenzi ya kawaida humpa mtu uoni wa mbali, na kwa kusoma huhitaji bado miwani.

Mtu wa miaka 45 ambaye mkono wake umekuwa mfupi kwa kusomea gazeti hahitaji kisu. Anahitaji miwani ya kusomea. Wala faida ya miwani hiyo si ndogo. Katika mashamba ya chai ya Assam, India, uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wachumaji wa miaka 40 na zaidi waliopewa miwani waliongeza mavuno yao kwa zaidi ya asilimia 20 kupita wenzao wasiopewa. Mwanamke anayechagua buni huko Kyerwa, au anayechambua karafuu Pemba, anafanya kazi ya macho yale yale.

Tena si kila ukungu ni mtoto wa jicho. Presha ya jicho nayo huondoa uoni polepole, na uoni ulioondoka kwa njia hiyo haurudi. Kwa hiyo jicho lipimwe kwanza. Na hata anayestahili kupasuliwa hana budi kupimwa urefu wa jicho lake na mviringo wa kioo chake cha mbele, ili apewe lenzi ya nguvu inayomfaa. Anayewekewa lenzi ya kubahatisha hutoka gizani akaingia katika ukungu mwengine.

Kazi iliyo mbele yetu

Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani na wenzake walipoanzisha mpango wa Haki ya Kuona, walipendekeza kwamba Afrika ifanye angalau pasuo 2,000 za mtoto wa jicho kwa mwaka kwa kila watu milioni moja. Tukiipiga hesabu hiyo kwa watu wa Karagwe na Kyerwa kama walivyohesabiwa mwaka 2012, tunapata pasuo zaidi ya 1,300 kwa mwaka, yaani kama 25 kila wiki. Kwa Zanzibar, yenye watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022, tunapata karibu 3,780. Kila mganga mkuu wa wilaya na aweke takwimu zake kando ya hesabu hii, kisha ajionee mwenyewe.

Njia iliyozoeleka katika sehemu za pembezoni ni kambi ya macho: timu inakuja kwa siku chache, inapasua, inaondoka. Kambi ni jambo jema, wala hatuibezi. Lakini kambi isiyoacha orodha nyuma yake imefanya nusu ya kazi. Mgonjwa ana macho mawili, na kwa kawaida hupasuliwa moja kwanza. Nani atamkumbusha la pili? Nani atamtazama akipata maumivu baada ya timu kuondoka? Mwaka 2021 Mkutano wa Afya Duniani uliweka shabaha ya kuongeza ufikiaji wa upasuaji huu kwa pointi 30 za asilimia ifikapo 2030, na ukasisitiza kwamba kinachohesabiwa ni mgonjwa anayeona vizuri baada ya kupasuliwa. Tunawaomba maofisa wetu wahesabu hivyo hivyo.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne. Kwanza, wahudumu wa afya wa vijiji na shehia wafundishwe kupima uoni kwa chati rahisi, na kumweleza mzee kwa lugha anayoielewa, Kinyambo kwa wa Karagwe, kwamba hangoji kukomaa kitu chochote. Pili, upimaji ufuate watu walipo. Zanzibar ilianza pencheni jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi mwezi Aprili 2016. Popote wazee hao wanapokusanyika, muuguzi mmoja mwenye chati anaweza kuwaona wengi. Karagwe na Kyerwa wanayo mikutano ya vijiji na vyama vya ushirika wa kahawa.

Tatu, usafiri ulipiwe pamoja na upasuaji. Sera ya kuwatibu bila malipo wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo ni sera njema, lakini haimpandishi mtu garini wala chomboni. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulioanzishwa mwaka huo huo, vimefungua mlango. Inafaa gari moja lililojaa wagonjwa wa kata moja, au boti moja ya kisiwa kimoja, lihesabiwe kuwa sehemu ya tiba. Nne, orodha za wagonjwa zionyeshe wanawake wangapi na wanaume wangapi, na walio vipofu macho yote mawili watangulie, wake kwa waume.

Watu wetu husema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Asiyeona ndiye wa kuambiwa, na kushikwa mkono, na kufikishwa. Lenzi ipo, madaktari wanafunzwa hapa hapa nchini, na kazi yenyewe ni ya dakika 20. Kilichobaki ni kuhesabu nyumba kwa nyumba wanaongoja, kuandika majina yao, na kuwapangia siku.