Utambulisho wa Mtandaoni na Dhana ya Akili ya Asili
Mwaka 1950, Alan Turing alipendekeza mchezo wa uigaji. Katika mchezo huo, mhoji hawaoni wala hawasikii wajibuji wawili. Husoma majibu yao tu, kisha huamua yupi ni mtu na yupi ni mashine. Mwaka 1966, Joseph Weizenbaum aliifafanua programu yake, ELIZA. Baadhi ya watumiaji waliamini kwamba inawaelewa, ilhali ilitafuta maneno maalumu na kuyapanga upya.

Mawasiliano ya maandishi katika intaneti yana hali hiyohiyo: utambulisho hujengwa kwa maneno pekee.

Istilahi za Kiswahili hulitazama suala hili kwa namna mbili. "Akili bandia" huashiria kitu kisicho halisi, ilhali "akili unde", kutokana na kitenzi unda, hutaja tu namna ilivyopatikana. Hata hivyo, akili ya binadamu nayo, ingawa chimbuko lake ni ubongo, huundwa na lugha, malezi na elimu. Hivyo basi, kigezo cha uasilia pekee hakitoshi kuzitenganisha. Kigezo kingine ni uwajibikaji: mtu huwajibika kwa kauli yake, bali kauli ya programu huwajibikiwa na walioiunda au wanaoitumia. Kwa sababu hiyo, swali la nani ameandika hubaki na uzito hata maandishi yanapofanana.