Mkimbiaji na Mkimbizi: Lugha ya Mbio katika Hadithi za Kiswahili

Hadithi za michezo zina mahali pake katika fasihi za mataifa mengi. Mwaka 1952 Mmarekani Bernard Malamud alitoa riwaya The Natural, inayomhusu mcheza besiboli; na mwaka 1959 Mwingereza Alan Sillitoe alitoa hadithi The Loneliness of the Long-Distance Runner, inayomhusu kijana mfungwa aliyejaliwa mbio. Katika Kiswahili hadithi ya mchezo ipo pia, lakini makao yake yamekuwa zaidi katika ngano, tendi, methali na masimulizi ya redioni kuliko katika riwaya. Makala haya yanakusudia kueleza lugha ya hadithi hizo, hasa zile za mbio, na kuonyesha ni hazina gani imekwisha wekwa tayari kwa mwandishi atakayewaelekea wakimbiaji wa uwanda wa kati wa Tanzania.

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Kitenzi kucheza kina maana pana: mtu hucheza bao, hucheza mpira, hucheza ngoma, na tamthilia nayo huitwa mchezo. Kwa hiyo mpaka baina ya shindano, ngoma na uigizaji si mkali katika Kiswahili. Msomaji wa Julius Caezar, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotolewa mwaka 1963, hukuta ndani ya mchezo mmoja michezo mingine miwili: mbio za sikukuu ya Warumi, na shindano la kuogelea ambalo Kasio alisimulia ili kumshusha Kaisari. Hapo shindano halisimuliwi kwa ajili yake lenyewe. Ni hoja katika ugomvi wa utawala.

Ndivyo ilivyo katika masimulizi ya kwetu. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, vijana wanakula kikoa cha makoma, kila mmoja akipanda mti kwa zamu yake. Zamu ya Liyongo ilipofika, yeye hakupanda. Aliyaangusha makoma kwa mishale, na kwa ustadi huo akaepa mauti aliyotegewa. Katika ngano ya mbio za Sungura na Kobe, inayosimuliwa kwa namna nyingi, Kobe huwapanga ndugu zake njiani, na kila Sungura aitapo, kobe mmoja huitika mbele yake. Mshindi hapa si mwenye miguu bali mwenye akili na jamaa.

Msimulizi wa ngano huanza kwa -li- na kuendelea kwa -ka-: Sungura alitoka mbio, akaita, akasikia jibu, akaongeza mwendo, akaanguka. Kiambishi hiki husukuma tendo baada ya tendo bila kupumzika, nacho chalingana vema na mbio. Mtangazaji wa redio, kwa kuwa tukio li mbele ya macho yake, hutumia -na- na -me-: anamkaribia, anampita, amempita. Lakini njia zote mbili hukaa nje ya mkimbiaji. Zaeleza miguu; hazielezi moyo.

Kitenzi kukimbia chenyewe kina mengi ya kueleza. Maana yake ni kwenda mbio, na pia kutoroka hatari. Majina yatokanayo nacho yamegawana maana hizo. Mkimbizi, lenye umbo la zamani kama mjuzi kutoka kujua, ni yule aliyeacha kwao kwa kuogopa jambo. Mkimbiaji, lenye -aji ya mazoea kama msomaji na mwindaji, ni yule ambaye mbio ni shughuli yake. Kijana wa Sillitoe ni wote wawili: anakimbia kwa niaba ya gereza, na karibu na mwisho anasimama kwa makusudi ili mkuu wa gereza asipate kikombe. Mfasiri atakayemleta kijana huyo katika Kiswahili atapata faida kwa kitenzi, ambacho hubeba maana zote mbili, na taabu kwa jina, ambalo litamlazimisha kuchagua.

Kushinda nako ni hivyo. Ni kupata ushindi, na pia ni kukaa mchana kutwa, kama katika kushinda njaa. Kushindwa ni kupitwa na mwingine, na tena ni kutoweza. Methali husema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Yaani, kauli ya kutendwa ni sehemu ya mchezo.

Maana hizo zaonekana wazi katika maisha ya wakimbiaji. John Stephen Akhwari wa Mbulu, kaskazini ya uwanda wa kati, aliumia katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia wa mwisho, kwa saa 3:25:27, mguu umefungwa bendeji. Tofauti ilikuwa zaidi ya saa nzima. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alipata msiba wa namna nyingine. Huko Boston mwaka 1988 alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Akawa wa pili tena mwaka 1989 na mwaka 1990, ijapokuwa katika huo mwaka 1989 alishinda New York kwa saa 2:08:01. Kisha mwaka 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida akawa bingwa wa dunia wa marathoni, akimtangulia Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde.

Kwa mtangazaji, visa hivi hutoshelezwa na -na- na -me-. Kwa mwandishi wa riwaya havitoshelezwi. Sekunde moja ya Boston yataka -ngali-: angaliongeza hatua mapema, angalishinda. Hiyo ndiyo nyakati ya mtu aliyeshindwa, naye huweza kukaa nayo miaka mingi baada ya watazamaji kwenda zao. Saa nzima ya Akhwari nayo yataka -ki- ya tendo liendelealo: akichechemea, akisimama, akiendelea.

Ni dhahiri basi kwamba lugha haikupungukiwa na chombo. Ngano imempa mwandishi mwendo wa -ka-, utendi umempa shindano lenye mauti ndani yake, na sarufi imempa tofauti ya mkimbiaji na mkimbizi. Rekodi huhifadhi saa na majina ya wakimbiaji. Yale waliyoyawaza njiani yana haja ya hadithi, na wanaoyakumbuka wanazeeka.