Zipu Haikondeshi Video

Safari hii ni mpiga video wa harusi, Dar es Salaam: "Fundi, video ina GB 6. Nimeizipu, bado GB 6. Nitumie programu gani nyingine?" Hakuna programu nyingine. Wapiga video, someni jibu hili leo tumalizane.

Video ikitoka kwenye simu au kamera huwa imeshabanwa. MP4 nyingi hutumia kiwango cha H.264 cha mwaka 2003, na kazi yake ni kusaka vinavyojirudia, kama ukuta wa ukumbi usiosogea kati ya picha moja na inayofuata, ili visihifadhiwe upya kila mara. Zipu, ya tangu 1989, nayo husaka vinavyojirudia. Ikifika, vimekwisha. Unakamua machicha. Ukiizipu hiyo zipu tena, faili huongezeka kidogo, maana kila zipu hubeba maelezo yake yenyewe. Na wanaoniambia WinRAR ndiyo kiboko: kwa video, si kiboko. Zipu ni ya maandishi matupu, hayo hupungua kweli, au ya kufunga picha mia ziwe faili moja.

Wala usiikatekate uitume kwa barua pepe. Gmail inaishia MB 25, tena kiambatisho hugeuzwa herufi kabla ya kusafiri na kuongezeka kwa karibu theluthi.

Pandisha mtandaoni, tuma kiungo. Nafasi ya bure Dropbox ni GB 2 na OneDrive GB 5, hazitoshi; Google Drive inatoa 15, ila barua pepe na picha zako zinakula humo humo. Ruhusu yeyote mwenye kiungo atazame tu, asihariri, la sivyo bibi harusi ataomba ruhusa usiku kucha nawe umelala. Nafasi inayoliwa ni yako, si yake, basi usifute kabla hajapakua. Kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, hesabu saa 2 na dakika 40. WhatsApp hupokea hadi GB 2, lakini tuma kama hati. Ukituma kama video inachujwa ubora. Lazima ipungue? HandBrake, na ukubali kupoteza ubora kidogo.

Bando halitoshi? Flashi na bodaboda. Hamisha vilivyomo, kisha ifomati kwa exFAT: FAT32 haipokei faili linalofika GB 4.