Mlango wa Msimamizi Katika Swichi

Swichi ni chombo kiunganishacho kompyuta za jengo na kupitisha habari baina yake. Msimamizi aliye mbali huiamuru kwa nyaya zile zile zitumiwazo na wote; hivyo mdukuzi naye aweza kubisha hodi. Dawa yake ni VLAN ya usimamizi, yaani mtandao pepe wa pekee. Kwa kanuni ya 802.1Q ya mwaka 1998, fremu hubandikwa namba ya biti 12 inayozitenga, ingawa waya ni mmoja. Ruta nayo hupangwa iruhusu kompyuta ya msimamizi tu kuingia humo.

Lakini utaratibu ufuatwe: namba iruhusiwe kwanza katika waya uunganishao swichi, ndipo anwani ya swichi ihamishwe. Msimamizi akitangulia kuhamisha anwani, hujifungia nje. Hana budi kusafiri hadi kwenye swichi yenyewe, waya wa konsoli mkononi.